Siku ya Kumbeba Mama Mkwe

Karakana ile ya kutengeneza pampu za maji ilikuwa na mama mkwe wake. Hakuwa mtu. Ilikuwa mota kuukuu iliyoungua zamani, imekaa kwenye kona karibu na mlango mkubwa, haiwashwi, haiuzwi, haitupwi. Kazi yake ilikuwa moja tu: yeyote aliyetaka kuajiriwa hapo alipaswa kuibeba begani kutoka mlangoni mpaka meza ya mwisho, auvuke nayo mfereji wa maji machafu uliokatiza sakafu, kisha aitue mezani bila kuiangusha. Mafundi waliiita Mama Mkwe kwa sababu, walivyosema wenyewe, binti humpati mpaka mama yake aridhike nawe. Ukishambeba, umeoa. Ukimwangusha, rudi kwenu.

Zamani desturi hiyo ilikuwa na maana yake, enzi ambazo kila mota ilishushwa kwenye lori kwa mabega ya watu. Baadaye ilinunuliwa winchi ya minyororo, ikafungwa kwenye boriti, na tangu hapo hakuna fundi aliyebeba kitu kizito kuliko kikombe chake cha chai. Mama Mkwe lakini hakuondoka. Wanaume wakishaupenda mchezo, kuwanyang'anya ni shughuli. Ila ajabu ni kwamba aliyeilinda ile mota kwa miaka yote hiyo, aliyekuwa mbogo kila mtu alipotaja kuiondoa, alikuwa mwanamke.

Jina la nyumbani la mama huyo halikutumika pale. Walimwita Maalumu, kifupi cha Viti Maalumu, vile vya wanawake bungeni, kwa kuwa aliajiriwa mwaka ambao makao makuu yaliagiza kila karakana iwe na walau fundi mmoja mwanamke. Kwamba alikuwa ameongoza darasa lake lote la ufundi, wanaume wakimfuata kwa mbali, hakuna aliyeuliza. Agizo limekuja, mwanamke kaja, basi. Mtunza stoo, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana na wenzake wakimwita Grisi kwa jinsi ulimi wake ulivyoteleza, ndiye aliyembatiza jina hilo kabla hata hajamaliza kufunga kamba za viatu vyake vya kazi.

Msimamizi wa siku hizo alikuwa mtu mpole. Alimwambia Maalumu asihangaike na Mama Mkwe, kwani yeye ameshapata kazi, na makao makuu wameshaarifiwa. Aliyasema hayo mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, na wale watu wakatazamana na kutabasamu. Maalumu aliyaona yale matabasamu. Angeweza kuyavumilia matusi, lakini si yale. Akasema atambeba.

Akambeba. Alikuwa na mwili wa wastani na hasira za kutosha, akafika mpaka kwenye mfereji akiwa sawa. Alipoinua mguu kuuvuka, kiuno kikajipinda na uzito wote juu yake, na kitu fulani huko chini ya mgongo kikalia, mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Hakuna aliyeusikia ila yeye. Alijikaza, akavuta hatua zilizobaki, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimweke upande gani?" Karakana nzima ililipuka kwa makofi. Grisi alimletea maji kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima.

Kisa hicho kikawa hadithi ya pale. Kila mgeni alisimuliwa, kila msimuliaji akitia chumvi yake, mpaka mfereji ukawa mto na mota ikawa na uzito wa ng'ombe. Jina la Maalumu halikuondoka, ila lilipata heshima. Hakuna aliyethubutu tena kusema kwamba alipewa kazi kwa huruma.

Mgongo wake haukupona. Wiki ile ya kwanza alinyamaza kwa sababu angesema tu, wangesema, "Si tulijua?" Mwezi uliofuata alinyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza wiki ya kwanza. Miaka ikapita hivyo. Chini ya ovaroli alijifunga kitambaa kizito kiunoni, kimekazwa mpaka kinamzuia kupumua vizuri. Spana ikianguka, hakuinama; alipiga goti moja, mgongo umenyooka, akaiokota huku anatazama mbele. Mafundi waliona ni maringo, wakafanya utani kwamba Maalumu hainamii mtu wala kitu. Naye aliuacha utani huo ukue, maana ulimsitiri.

Mumewe, dereva wa lori, ndiye pekee aliyejua. Alimkanda kwa dawa za kuchua, na kila mara alimsihi aseme tu, apewe kazi nyepesi, atibiwe kwa gharama za kazi. Maalumu alimjibu kwamba akisema atakuwa amewapa ushindi wa bure. Mume alifariki mapema, akaenda na siri hiyo, na tangu siku hiyo hakukuwa na mkono wa kumkanda. Alimlilia mumewe kwa mengi, na hilo pia lilikuwamo, ingawa aliona aibu kumlilia mtu kwa sababu ya mgongo.

Kilichomuuma kupita vyote kilikuwa nyumbani. Binti yake alipojifungua alimletea mtoto, akamwambia, "Mama, mbebe basi mjukuu wako." Maalumu aliketi kwanza, ndipo akapakatishwa. Mtoto alipoanza kusimama na kumnyooshea mikono, bibi alijibu kwamba mtoto akizoeshwa kubebwa hatatembea. Binti alimchukua mwanawe na kwenda naye chumba cha pili. Kutoka huko Maalumu alimsikia akimbembeleza mtoto, akimwambia kwamba bibi yake ni mtu wa vyuma. Aliumia sana siku hiyo. Alitaka kuinuka, aende, amweleze, lakini kuinuka kwenyewe kulihitaji ashike meza, na meza ilikuwa mbali.

Mwishowe mgongo ulimshinda. Aliomba kustaafu kabla ya wakati wake, akasema anataka kupumzika na mjukuu, jambo ambalo lilimfanya binti yake acheke kicheko kisicho na furaha. Nafasi yake ikatangazwa.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja pale karakana, kibarua, aliyekuja kujifunza kazi kwa vitendo na hakuondoka tena. Mafundi walimwita Sindano: mwembamba, mwepesi, anapenya palipo finyu, na ukimchezea anachoma. Kwingine alikokwenda kuomba kazi walimwambia bila kificho kwamba wanataka mwanamume. Maalumu alimfundisha kila alichokijua. Alimfundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, asikilize beringi zinavyolalamika. Msichana yule alimwita Mama, na halikuwa neno la adabu tu. Alikuwa akimsubiri getini asubuhi ili waingie pamoja, na hadithi ya Mama Mkwe aliijua kwa moyo kuliko hata Grisi mwenyewe. Huko kwao alikuwa akijifua na mfuko wa saruji, anazunguka nao uani begani huku wadogo zake wakimcheka.

Usaili ulipoanza, wasaili walikuwa watatu: mkurugenzi mpya, kijana msomi aliyevaa shati jeupe mahali penye oili kila upande; afisa utumishi, mama mtulivu mwenye kusema machache; na Maalumu. Waombaji walichujwa wakabaki wawili. Mmoja alikuwa fundi mrefu aliyetoka kiwanda cha sukari, mtu wa kazi hasa, mwenye kujibu maswali vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Mwingine alikuwa Sindano. Kwenye maswali Mrefu alimzidi. Kwenye pampu, Sindano alimzidi: aliisikiliza, akasema shafti imepinda kidogo upande wa chini, wakaifungua wakakuta imepinda kidogo upande wa chini. Mrefu naye aliipata, ila baada ya kuanza kwingine.

Wakafunga mlango wa ofisi wajadiliane. Mkurugenzi alisema waziwazi kinachomkereketa. Makao makuu yanataka karakana zenye watu mchanganyiko, na yeye mwenyewe anaamini hivyo, kwani mahali penye watu wa aina moja wote hukosea kwa namna moja. Maalumu akiondoka, karakana itabaki na wanaume watupu. Lakini hataki kumnyima haki fundi mzuri kwa sababu tu ni mwanamume, wala hataki kumchukua mtu kwa ajili ya sura halafu kazi ilale. Afisa utumishi akasema hapo hakuna ugumu: hawa wawili wanakaribiana sana, wote wanaiweza kazi, na watu wanapokaribiana hivyo, kumchukua yule ambaye aina yake imekosekana si kumwonea mwenzake.

"Kimebaki kile kituko chenu cha kubeba mota," mkurugenzi akaongeza. "Hicho mimi nasema tukiache. Mama, hebu niambie, kazi inahitaji kubeba?"

"Kazi haihitaji," Maalumu alijibu. "Watu ndio wanaohitaji."

Akawaeleza, na alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa ameliwaza jambo hilo nusu ya maisha yake. Mkimwondolea huyu binti Mama Mkwe leo, alisema, mtakuwa mmempa kazi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono mwingine. Ataingia na jina mgongoni. Akikosea kidogo watasema si ndiyo hawa wa kubebwa, akipatia watasema kasaidiwa. Mimi hilo jina nimelivaa, nalijua linavyobana. Mwacheni abebe, aingie kifua mbele, asiwe na deni la mtu. Afisa utumishi akamuuliza kwa upole kama ana hakika. Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Ulimi ulikuwa tayari kabisa, maneno yenyewe yalikuwa machache: mimi kile kitu kiliniumiza. Akasema ana hakika.

Kwa nini hakusema? Aliyemjua atakwambia ni kiburi, na atakuwa amepatia kidogo. Lakini palikuwa na jambo jingine zito zaidi. Kama ile mota ilikuwa upuuzi, basi na maumivu yake yote yalikuwa ya upuuzi: mume aliyemkanda, mjukuu aliyenyimwa mikono, vyote vilikuwa vya bure. Hilo hakuwa na nguvu ya kulitazama. Alihitaji Mama Mkwe awe na maana. Mkurugenzi, ambaye alimheshimu, alikubali, wakakata kwamba Sindano akimbeba, kazi ni yake.

Mafundi wote waliacha kazi wakaja kutazama. Mrefu alianza. Alimbeba Mama Mkwe kwa jasho jingi, akauvuka mfereji kwa hatua moja ya miguu yake mirefu, akamtua. Walimpigia makofi ya haki. Kisha akaja Sindano. Grisi, ambaye siku hizi alikuwa mzee wa mvi, alimsaidia kumpandisha begani kama ilivyo desturi, akamnong'oneza kitu, akarudi nyuma.

Msichana yule alitembea. Miguu ilitetemeka lakini ilikwenda. Maalumu alikuwa amesimama karibu na meza ya mwisho, mikono nyuma, na alijikuta akiomba, yeye asiye mtu wa kuomba hovyo. Alikuwa haombi kwamba Sindano afike. Alijua atafika. Alikuwa akiutazama ule mfereji. Sindano aliufikia, akasita, akainua mguu, na miguu yake haikuwa ya Mrefu, ilimbidi ajipinde. Uso wake ukabadilika. Ilikuwa kufumba na kufumbua, macho yakatoka kidogo, midomo ikakazana, halafu vyote vikarudi kama kawaida. Watu hawakuona kitu. Alivuta hatua zilizobaki, akasimama mbele ya mwalimu wake, akatabasamu kwa meno yaliyobanwa.

"Nimweke upande gani, Mama?"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya zamani. Mkurugenzi alisahau shati lake jeupe, akamkumbatia Grisi. Mrefu, muungwana yule, alikuja akampa Sindano mkono, akamwambia amemshinda kihalali na hana kinyongo. Kila mtu siku ile alipata alichokitaka. Karakana ilipata fundi bora, makao makuu yalipata mwanamke wao, wanaume walipata hadithi mpya. Kama kuna siku ambayo haki na uwezo vilikaa meza moja bila kugombana, ilikuwa ile. Na Maalumu alisimama katikati ya furaha hiyo, anashindwa hata kupiga makofi.

Alimfuata kwenye karo la kunawia. Sindano alikuwa peke yake, ameegemea ukuta, bomba linamwaga maji na yeye hanawi.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia, Mama. Nimechoka tu."

"Mimi si wa kudanganywa kwa hilo."

Sindano alitazama mlangoni kwanza. Kisha akakiri kwamba kitu kimelia chini ya mgongo alipokuwa mferejini, na mguu wa kushoto una ganzi, lakini kitapoa. Maalumu akamwambia aende hospitali sasa hivi. Msichana akatikisa kichwa. Hajasaini hata mkataba, alisema, na akienda leo, kesho karakana nzima watajua, na wataanza maneno yao. "Wewe si ulibeba?" akasema, na akajaribu kucheka. "Ulibeba ukapona. Na mimi nitapona."

Maalumu alifunga bomba. Alitaka kumwambia palepale, lakini kilichomtoka ni kwamba ajipake dawa ya kuchua, alale mahali pagumu, asiinue kitu. Alimpa maelekezo yote ya mtu anayejua. Sindano aliyasikiliza kwa shukrani, bila kujiuliza mwalimu wake kayatoa wapi.

Asubuhi yake Maalumu alifika mapema, akaingia kwa mkurugenzi kabla hajavua hata koti. Hakukaa kitini. Alisema kwamba siku aliyobeba Mama Mkwe alivunjika mgongo, na kwamba tangu hapo hajawahi kuamka asubuhi bila maumivu, na kwamba hiyo ndiyo sababu anastaafu, wala si mjukuu. La Sindano hakulitaja, maana halikuwa lake kulitoboa. Alisema, akasubiri ulimwengu uanguke.

Haukuanguka. Mkurugenzi aliweka kikombe chake mezani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Pole sana, Mama." Akamwita afisa utumishi, wakazungumza maneno mawili matatu, na jambo likakatwa: mota iondoke leo, na asibebeshwe mtu tena. Chai ya mkurugenzi ilikuwa bado inatoa mvuke. Maalumu alitoka ofisini akiwa ameshika ukuta. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kile. Heri lingekuwa gumu. Heri wangembishia, wangemcheka, angeona alichokuwa akikiogopa miaka yote ile.

Waliiondoa kwa winchi. Mama Mkwe alining'inia hewani kwenye minyororo, akazunguka kidogo, akateremshwa kwenye toroli na kusukumwa nje kwenye rundo la chuma chakavu. Habari ilikuwa imeshaenea, mafundi wakawa wapole ghafla, kila mmoja amepata kazi ya kutazama chini. Grisi alimjia Maalumu, kofia mkononi.

"Siku zote hizo ulikuwa unaumwa?" alimuuliza. "Na sisi tunaona maringo." Alitaka kuongeza kitu, yeye ambaye hajawahi kukwama neno, akashindwa, akarudi stoo kwake.

Sindano alifika amechelewa kidogo. Alikuwa akitembea polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Alipoingia aliiona ile kona tupu, sakafu ina doa jeusi pale ilipokuwa mota. Akauliza, na fundi aliyekuwa karibu naye akamweleza yote, kwa kunong'ona, huku anamwonesha Maalumu kwa macho.

Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja, taratibu, akapita kwenye mfereji pale penye ubao wa kuvukia, akasimama mbele ya mwalimu wake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nazo. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuelewa.

"Mama," alisema, "kumbe ilikuwa ya kusema tu."

Maalumu aliitikia kwa kichwa.

"Ungesema jana."

Alilisema kwa adabu, kama alivyouliza maswali ya kazi siku zote. Kisha alikwenda kwenye meza yake mpya, akashika ukingo wake kwa mikono yote miwili, na akaanza kujiketisha.